Kushuka chomboni: namna ya kuaga merikebu ya mafunzo

Katika merikebu ya mafunzo watu hawakai sana. Wanafunzi huja kwa wiki mbili, kwa mwezi, kwa muhula. Mabaharia wengi hukaa msimu mmoja au miwili, kisha hushuka. Kila anayeshuka huondoka na kitu ambacho hakimo kwenye kabati lolote: kamba ipi husuguana na nini upepo ukitoka nyuma, vali ipi huonekana imefungwa kumbe haijafungwa, mwanafunzi yupi akinyamaza ujue kichefuchefu kimeanza. Sisi tuliofanya kazi hizi tumeona watu wakiagwa kwa nyimbo na machozi, na wiki moja baadaye chombo kikahangaika kwa sababu hakuna aliyejua walichokuwa wakikijua. Ndiyo maana tunasema kuaga ni kazi ya chombo kama kazi nyingine, nayo huanza wiki mbili kabla.

Kisheria muda ni mfupi zaidi. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika tarehe 20 Agosti 2013, unasema notisi ya kuvunja mkataba wa ajira isipungue siku saba, isipokuwa kwa dharura za kibinadamu. Siku saba zinatosha kwa karatasi. Kwa makabidhiano hazitoshi, maana chombo kinaweza kukaa siku tano bandarini katika hizo saba, na mambo mengi ya matanga hayafundishiki nanga ikiwa chini. Mwambie nahodha kwanza, ana kwa ana, kisha ofisi ya nchi kavu, kisha wenzako wa sitaha. Wanafunzi waambiwe mwishoni, siku tatu hivi kabla. Wakijua mapema mno huanza kumkwepa anayeondoka, au humganda yeye na kumkataa anayekuja. Wakijuzwa asubuhi ya kushuka huona wamefichwa, na kijana aliyekuamini mlingotini hasahau hilo.

Waraka wa makabidhiano uanze kuandikwa siku hiyohiyo ya notisi. Unaoandikwa usiku wa mwisho huwa una kasoro mbili: una maneno mengi ya shukrani, na una sentensi kama "pampu ya nyuma ni korofi, iangalie." Mtu mpya hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Andika hivi: pampu ya nyuma haivuti ikikaa zaidi ya siku mbili bila kutumika, fungua kifuniko cha juu, mimina maji hadi yajae, funga, washa, maji yasipotoka ndani ya nusu dakika zima, la sivyo kipepeo cha mpira kitaungua. Kwa kila kifaa sema kiko wapi, kilihudumiwa lini, kitahudumiwa tena lini, na dalili ya kwanza ya kuharibika ni ipi. Kurasa tatu au nne zinatosha kwa nafasi moja. Zikizidi hapo hazisomwi. Weka nakala mbili za karatasi, moja kwenye faili la chombo na moja kwa mrithi, yaani anayechukua nafasi yako, kwa kalamu ya risasi au wino usiochuruzika, kwa kuwa kompyuta na maji ya chumvi hazikai pamoja kwa muda mrefu. Na ukurasa wa mwisho uwe wa kazi ulizokusudia kuzifanya ukashindwa. Huo ndio ukurasa mgumu kuandika, kwa kuwa unakuonyesha pungufu. Lakini mara nyingi ndio unaomwokoa mrithi, kwa hiyo usiufupishe.

Karatasi peke yake haitoshi. Mrithi apande chomboni angalau siku nne kabla hujashuka, na moja ya siku hizo iwe ya kusafiri kwa matanga. Siku ya kwanza wewe unafanya, yeye anatazama na kuuliza. Ya pili yeye anafanya, wewe umesimama karibu mikono nyuma ya mgongo, na hili ni gumu kwa mtu aliyezoea kushika kamba. Ya tatu anashika zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, wewe upo macho lakini huonekani. Ya nne ni ya maswali yaliyotokana na ile ya tatu. Mambo muhimu hujitokeza gizani: swichi ya taa nyekundu ya meza ya ramani haipatikani kwa kupapasa, kelele fulani ya kapi si hatari, kelele nyingine ni hatari.

Kwa maafisa wa zamu kuna jambo moja lisiloachwa kamwe, nalo ni ustahimilivu wa chombo: kinalala kiasi gani kabla ya kutoweza kuinuka, na tanga lipi lishushwe upepo ukifika kasi ipi. Tarehe 17 Februari 2010 meli ya mafunzo Concordia, iliyokuwa na watu 64, wengi wao wanafunzi, ililazwa na upepo ikazama nje ya pwani ya Brazili. Wote waliokolewa, baada ya takriban saa 40 ndani ya mashua za kujazwa hewa. Uchunguzi wa Kanada ulieleza kwamba milango na matundu yaliyokuwa wazi yaliruhusu maji kuingia, na kwamba mwongozo wa ustahimilivu wakati wa dhoruba za ghafla ulikuwemo chomboni lakini haukutumika katika maamuzi ya zamu ile. Kitabu kuwemo rafuni hakutoshi. Anayeshuka akae na anayepanda, wafungue jedwali lenyewe, wachukue mfano: upepo noti 20 (maili za baharini kwa saa), chombo kimelala nyuzi 15, je, dharuba ya noti ngapi itatufikisha pabaya? Kisha wazunguke pamoja na kuonyeshana kila mlango na kila tundu linalopaswa kufungwa kabla ya hapo. Saa moja inatosha, na tusingeruhusu mtu ashuke bila kuitoa.

Sarahangi, msimamizi wa kamba, matanga na kazi za sitaha, ndiye mwenye makabidhiano marefu kuliko wote, kwa kuwa kazi yake imetapakaa kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, na kutoka ngamani, chini kabisa maji yanapokusanyika, hadi ncha ya mlingoti. Apande na mrithi wake juu ya kila mlingoti, kila foromali (mti wa kubebea tanga), chombo kikiwa kimetulia, wakiwa na mikanda yao ya usalama, daftari na kamera. Picha ya kila mahali panaposuguana ipigwe kwa karibu na kwa mbali, maana picha ya karibu peke yake haikuambii uko wapi. Henza zote, kamba za kutwekea matanga, ziandikwe: urefu, unene, tarehe iliyowekwa, na tarehe iliyogeuzwa ncha kwa ncha. Kamba inayopita kwenye kapi huchakaa palepale inapokaa tanga likiwa limetwekwa. Ukiigeuza, sehemu iliyochoka huhamia mahali pasipo na mzigo. Asiyejua kwamba iligeuzwa mwezi uliopita ataigeuza tena, na kuirudisha sehemu mbovu juu. Mtu anaweza kuumia kwa kukosekana mstari mmoja wa tarehe.

Vivyo hivyo skurubu za kukazia nyaya za mlingoti. Mrithi akizikuta hana njia ya kujua kama zimelegea au ndivyo zilivyokusudiwa. Hesabu nyuzi za skurubu zinazoonekana juu na chini, kila upande, uziandike kwenye mchoro. Pini za shekeli (pingu za chuma za kuunganishia) za juu zikaguliwe kama zimefungwa waya wa kuzizuia kujifungua. Moja ikiwa haina waya, ifungwe papo hapo badala ya kuandikwa kama kazi ya baadaye. Makopo ya rangi na mchanganyiko wa lami yapewe vibandiko vyenye kiasi cha kila kitu kilichochanganywa. Mchanganyiko usio na jina hutupwa, au hupakwa mahali pasipostahili, na kamba za asili zilizopakwa kitu kisichofaa huoza ndani huku nje zikipendeza.

Wazee walisema tezi na omo, marejeo ni ngamani, na katika makabidhiano ya mhandisi ni hivyo kabisa. Kila ziara ya saa moja moja ya kukagua chombo huishia kutazama maji ya ngama. Mpe mrithi kiwango cha kawaida kwa kila chumba, bandarini na baharini, upande wa joshini, upepo unakotoka, na wa demanini, unakoelekea, kwa sababu chombo kikilala maji hukimbilia upande mmoja na kipimo cha katikati hudanganya. Mwonyeshe mpangilio wa vali kwa mkono wake mwenyewe. Kosa linalorudiwa na wageni ni kufungua vali za vyumba viwili kwa pamoja: chumba kimoja kikikauka pampu hunyonya hewa kutoka huko, na chumba chenye maji hakipungui hata kidogo. Saa za injini, tarehe ya mafuta, na idadi ya vichujio vilivyobaki ni mambo ya mstari mmoja mmoja.

Habari za wanafunzi zinataka uangalifu wa namna nyingine. Kiongozi wa zamu huwa anajua mengi: huyu anaogopa kupanda lakini hapendi kuachwa nyuma, huyu anaelewa nyota upesi ila kusoma maandishi kunamchosha, hawa wawili wasiwekwe pamoja usiku. Mambo haya yasemwe kwa mdomo, kwa kiongozi mpya peke yake, yakielekezwa kwenye kile kinachomsaidia mwanafunzi. "Mpe kazi ya kushika kamba ya chini kwanza, kisha mwalike apande hadi jukwaa la kwanza" ni msaada. "Huyu mwoga" ni jina ambalo mtoto atalibeba safari nzima bila kujua limetoka wapi. Habari za afya haziingii kwenye waraka wa wazi. Zinabaki kwa nahodha na mhudumu wa afya, na kama ulipewa siri yenye hatari ndani yake, iwafikie hao kabla hujashuka.

Kabla chombo hakijasogea, orodha ya vituo vya dharura ibadilishwe. Jina lako litoke, la mrithi liingie: nani anabeba kizima moto, nani anahesabu wanafunzi, nani anashusha mashua. Tumekuta orodha yenye jina la mtu aliyeshuka bandari mbili nyuma, na kwenye zoezi mashua ya uokozi ikasubiri mtu asiyekuwepo. Mkataba wa SOLAS, wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unataka, kwa meli zinazohusika nao, kwamba zaidi ya robo ya mabaharia wakiwa hawajashiriki zoezi la kuacha meli na la moto ndani ya chombo hicho katika mwezi uliotangulia, mazoezi yafanywe ndani ya saa 24 baada ya kutoka bandarini. Katika chombo chenye mabaharia 12, wanne wapya wanavuka robo hiyo. Kwa hiyo nahodha mwenye busara hapendi watu wengi washuke bandari moja. Ukiweza kusogeza tarehe yako kwa bandari moja mbele au nyuma, fanya hivyo. Hata chombo kisichobanwa na mkataba huo kifanye zoezi, kwa kuwa moto hausomi vyeti.

Sasa karatasi zako mwenyewe, ambazo mabaharia huzisahau kwa sababu siku za mwisho wanawafikiria wengine. Hati ya utumishi baharini isainiwe na nahodha aliyekuwa nawe, kabla yeye au wewe hujaondoka. Ikague neno kwa neno ukiwa bado mezani: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, si jina la utani la sitahani, jina na namba rasmi ya chombo, ujazo wa jumla, urefu, nguvu ya injini kwa kilowati, eneo la safari, cheo ulichofanyia kazi, tarehe ya kupanda na ya kushuka. Siku za kuwa chomboni na siku za kuwa baharini zitenganishwe, na siku ulizoshika zamu ziandikwe peke yake, kwa kuwa mamlaka za vyeti huzihesabu tofauti. Makosa yanayochelewesha vyeti ni yaleyale kila mara: ujazo ulionakiliwa kutoka hati ya zamani, tarehe zinazopishana na za chombo kilichotangulia, cheo kilichoandikwa "msaidizi" kwa mtu aliyeongoza zamu. Kuyarekebisha mezani ni dakika tano. Nahodha akishatawanyika na upepo, ni miezi.

Mkataba ule wa 2006 unasema pia kwamba hati ya kumbukumbu ya ajira isiwe na maneno yoyote kuhusu ubora wa kazi ya baharia wala mshahara wake. Basi usishangae ikiwa kavu. Barua ya sifa ni kitu kingine. Iombe kando, na umsaidie nahodha kwa kumwandikia mambo matatu uliyoyafanya yanayoweza kuthibitishwa katika batli, daftari la kumbukumbu za safari. Chukua nakala ya kurasa za batli zinazohusu zamu zako, kwa ruhusa yake. Hakikisha umeondolewa rasmi kwenye orodha ya mabaharia na kwamba idara ya uhamiaji imepiga muhuri, kwa sababu ukishuka hadhi yako nchini humo hubadilika, na asiye na muhuri hugundua hilo kwenye kaunta ya uwanja wa ndege. Tiketi usiinunue kwa siku ileile ya kufika. Upepo haujui ratiba. Acha siku mbili au tatu katikati.

Kuhusu vitu, maneno machache. Mkanda wa kupandia mlingotini urudishwe ukiwa umeoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kukaguliwa mshono kwa mshono. Ukiwa na mkato au umepauka kwa jua, sema, usiuning'inize na mingine. Funguo, redio ya mkono, fedha ya matumizi na risiti zake zikabidhiwe kwa sahihi. Godoro liinuliwe, mbao za chini zifutwe na kuachwa wazi mchana kutwa, maana unyevu wa miezi mitano hujificha hapo na ukungu humpokea anayekuja. Usichukue kipande cha chombo kama ukumbusho. Kipande cha kamba iliyostaafu kinatosha, na kiombe kwa sarahangi.

Kuwaaga wanafunzi kuna mahali pake na wakati wake. Mahali pabaya kuliko pote ni kwenye ngazi ya kushukia, wazazi wakisubiri, mizigo ikipita, nusu ya zamu ikiwa imeshakwenda. Kuna njia tuliyoiona ikifaa mara nyingi: chombo kitie nanga usiku wa kabla ya kufika, mahali palipotulia, matanga yakunjwe kwa utaratibu wa bandarini, sitaha ioshwe, kisha watu wakae duara. Kila mmoja aseme jambo moja alilojifunza kufanya, kwa dakika mbili zisizozidi. Wanafunzi 24 ni dakika 48, na zaidi ya saa moja wadogo huanza kusinzia. Mabaharia waseme mwisho na waseme kidogo. Mwambie mwanafunzi jambo mahususi uliloliona: "usiku ule wa mvua uliona kamba imelegea kabla yangu ukaita." Sifa za jumla hazikai moyoni mwa kijana, tukio lenye saa na mahali hukaa. Usitoe ahadi ya kuandikiana ambayo hutaitimiza, na namba za simu za watoto zisichukuliwe binafsi. Salamu zipitie ofisi ya chombo. Hilo linamlinda mtoto, na linakulinda wewe pia.

Kisha omba nusu saa na nahodha. Nenda na mambo matatu yaliyoandikwa, ya usalama yakitangulia. Uliyoyaona yakikaribia kuwa ajali yasemwe hapa au kwa mtu wa usalama wa nchi kavu aliyeteuliwa na kampuni. Usiende kuyasimulia mezani katika bandari nyingine. Kama mlipungukiwa na usingizi, lete hesabu: kanuni ni saa 10 za mapumziko katika kila saa 24, na 77 katika siku saba. Nahodha anaweza kufanya kitu na jedwali la saa. Na manung'uniko matupu hayana pa kuwekwa.

Mwili nao huaga taratibu. Siku moja au mbili za kwanza sakafu ya nyumba itayumba, hasa ukifumba macho bafuni. Hilo hupita lenyewe, na likikaa wiki kadhaa muone daktari. Utaamka saa ya zamu yako na kukaa kitandani ukisikiliza kapi ambazo hazipo. Wengi hushtushwa na upweke wa wiki ya pili kuliko wa siku ya kwanza. Jipangie kazi nyepesi ya mikono wiki hiyo, na umwandikie mrithi wako mara moja kumuuliza kama kuna mstari wa waraka asiouelewa. Mara nyingi upo.

Kama chombo kinaondoka nawe unabaki gatini, omba kazi ya kufungua kamba. Ni heshima ambayo nahodha wengi huitoa, na ifanye sawasawa. Simama upande wa nguzo usio na mvutano, kamwe usisimame ndani ya kitanzi wala kwenye mstari wa kamba iliyokaza. Subiri amri kwa kila moja: kwa kawaida za omo na za tezi hutangulia, na kamba ya mshazari inayotumika kukigeuza chombo huachwa mwisho. Ilegee kwanza, ndipo uinue kitanzi juu ya nguzo. Usikiachie kianguke majini kwa wingi, kwa kuwa rafadha inayokisukuma chombo inazunguka. Kishike juu, tembea nacho ukingoni kwa mwendo wa chombo, ukikilegeza kadiri wao wanavyovuta, mpaka kitoke mkononi kikiwa kikavu. Mrithi wako atakuwa upande wa pili akiivuta. Atakapoinua mkono kuonyesha kamba yote iko ndani, nawe inua wako.